Utunzaji wa maji ya jakuzi

Utunzaji wa maji ya jakuzi ni kazi zinazofanywa kila siku, kila wiki na kila baada ya miezi michache ili maji ya moto ya beseni la kuogea la pamoja yabaki safi na yasilete magonjwa. Jakuzi ni beseni kubwa lenye hita na pampu inayosukuma maji na hewa kupitia matundu ya ubavuni. Inatofautiana na bafu la kawaida kwa jambo moja kubwa: maji hayamwagwi baada ya mtu kuoga. Maji yaleyale huchujwa, hupashwa moto na kutumiwa tena kwa wiki nyingi. Kwa sababu hiyo kupima maji na kutia dawa si jambo la hiari.

Jina la kifaa hiki linatokana na ukoo wa Jacuzzi, wahamiaji kutoka Italia ya kaskazini waliotengeneza pampu za maji huko Berkeley, California. Candido Jacuzzi alibuni pampu ndogo ya kutumbukizwa ndani ya bafu kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Pampu hiyo iliingia sokoni katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi, wa ukoo huohuo, alitoa bafu lenye matundu na pampu vilivyojengewa ndani. Baadaye jina la kampuni likawa jina la kitu chenyewe, kama ilivyokuwa kwa dawa ya viatu ambayo wengi huiita "kiwi" hata ikiwa ya kampuni nyingine. Katika Afrika ya Mashariki jakuzi huonekana zaidi katika hoteli za pwani, kambi za watalii na vituo vya mazoezi mijini.

Tofauti na bwawa la kuogelea

Watu wengi hudhani kwamba anayejua kutunza bwawa anajua pia kutunza jakuzi. Sivyo. Jakuzi ya kawaida hubeba maji lita 1,000 hadi 2,000 tu. Watu wanne wakiingia katika lita 1,500, kila mmoja ana lita 375. Ili bwawa la lita 75,000 lichafuliwe kwa kiwango hicho, lingehitaji waogaji 200 kwa wakati mmoja. Tena, katika maji ya moto mtu hutoka jasho bila kujijua, na jasho hilo pamoja na mafuta ya ngozi hula klorini. Joto nalo huifanya klorini ipotee haraka. Mapovu huondoa kaboni dioksidi kutoka kwenye maji, na matokeo yake ni kwamba pH hupanda siku hadi siku hata kama hakuna aliyeingia.

Magonjwa

Hatari kubwa kuliko zote ni bakteria wa Legionella. Jina lao linatokana na mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu wengi waliugua nimonia isiyojulikana. Bakteria hao hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, na jakuzi huwashwa katika nyuzi 36 hadi 40, yaani katikati kabisa ya joto wanalolipenda. Kwa kawaida hawaambukizi kwa kunywa maji. Huambukiza mtu anapovuta hewa yenye matone madogo sana ya maji, na mapovu ya jakuzi hurusha matone ya aina hiyo bila kukoma.

Mwezi Februari 1999 yalifanyika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi. Katika ukumbi mmojawapo ziliwekwa jakuzi za kuonyeshwa kwa wanunuzi, zikiwa zimejaa maji ya moto yanayochemka mapovu. Hakuna aliyekuja pale kuoga. Watu walipita tu, wakatazama, wakaenda zao. Zaidi ya watu 100 waliugua, na zaidi ya 20 walifariki. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2019, jambo la namna hiyo lilitokea tena katika maonyesho ya kilimo ya jimbo la North Carolina, Marekani: wagonjwa zaidi ya 130, vifo 4, na uchunguzi ukaelekeza kwenye jakuzi za maonyesho. Wazee, wavutaji sigara na wenye mapafu au kinga dhaifu ndio wanaodhurika zaidi.

Bakteria wa pili ni Pseudomonas aeruginosa. Hawa husababisha vipele vyekundu vinavyowasha kwenye vinyweleo, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogea. Kwa kawaida hupona vyenyewe baada ya siku kadhaa, lakini vipele hivyo ni ushahidi wa wazi kwamba dawa ilikuwa imekwisha ndani ya maji.

Klorini na pH

Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani hupendekeza klorini huru isiyopungua miligramu 3 kwa lita katika jakuzi, au bromini isiyopungua miligramu 4, na pH kati ya 7.0 na 7.8. Bromini hupendwa na wengi kwa sababu huvumilia joto na pH ya juu kuliko klorini, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Vipimo hivi viwili havitengani. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili: asidi ya hipoklorasi, ambayo huua vijidudu kwa haraka, na ioni ya hipokloriti, ambayo ni dhaifu sana. Katika pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika sura ile yenye nguvu. Katika pH ya 8.0 hubaki robo tu. Kwa hiyo mtu anaweza kupima klorini akaiona inatosha, kumbe sehemu kubwa yake haifanyi kazi. Hili ndilo kosa la kawaida la wanaopima klorini peke yake.

Kinachoizuia pH isiyumbe ni ualikali wa maji, unaofaa kuwa miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Hupandishwa kwa bikaboneti ya sodiamu: gramu 25 hivi katika lita 1,500 huongeza ualikali kwa miligramu 10. Ualikali hurekebishwa kwanza, kisha pH, kisha klorini. Anayeanza na klorini atalazimika kurudia kazi. Kushusha pH hutumiwa bisulfeti ya sodiamu, na kuipandisha hutumiwa magadi soda yaliyosafishwa, ambayo hutengenezwa pia kutoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Magadi ghafi ya kupikia maharagwe hayafai, maana yana chumvi nyingine na udongo.

Hesabu ya dawa ni rahisi kwa anayejua ujazo wa beseni lake. Kupandisha klorini kwa miligramu 3 katika lita 1,500 kunahitaji gramu 4.5 za klorini (3 × 1,500 = miligramu 4,500). Ikiwa unga uliopo ni hipokloriti ya kalsiamu yenye klorini asilimia 65, zinahitajika gramu 7 hivi. Ikiwa ni dawa ya maji ya asilimia 3.5, kama zile za kufulia nguo nyeupe, ni mililita 130 hivi, mradi isiwe na manukato wala sabuni. Vidonge na unga wa aina ya sianureti huacha asidi ya sianuriki majini kila vinapotumiwa. Asidi hiyo huilinda klorini dhidi ya jua, lakini huifanya iue vijidudu polepole, na haitoki mpaka maji yamwagwe. Jakuzi yenye paa au kifuniko haina haja nayo.

Harufu kali ambayo watu huiita "harufu ya klorini" mara nyingi ni ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na amonia ya jasho na mkojo. Maji yenye harufu hiyo yanahitaji klorini zaidi, si pungufu. Mara moja kwa wiki klorini hupandishwa hadi karibu miligramu 10 kwa lita, pampu ikiwashwa na kifuniko kikiachwa wazi ili gesi zitoke. Hakuna anayeingia mpaka kipimo kirudi katika kiwango cha kawaida. Klorini ikiwa nyingi mno, baadhi ya vipimo vya rangi hufifia na kuonyesha sifuri, na msomaji asiyejua huongeza dawa juu ya dawa.

Kichujio, mabomba na ukoko

Kichujio cha kitambaa chenye mikunjo huoshwa kila wiki kwa mpira wa maji, ukunjo baada ya ukunjo, na kila mwezi hulowekwa katika dawa yake maalumu. Sabuni ya kufulia haitumiki, kwani mabaki yake huleta povu. Povu hilo hutokana pia na losheni, mafuta ya nazi na nguo ambazo hazikusuuzwa vizuri. Waogaji wakioga kwanza kwa maji ya kawaida, nusu ya matatizo haya huisha.

Ndani ya mabomba hujengeka utando wa bakteria, na klorini ya kawaida hushindwa kuupenya. Kabla ya kumwaga maji hutiwa dawa ya kusafishia mabomba, pampu ikazungushwa, ndipo maji yakatolewa. Anayemwaga bila kufanya hivyo hujaza maji mapya juu ya bakteria wa zamani.

Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana kalsiamu nyingi. Chokaa huganda kwa urahisi zaidi maji yanapokuwa moto, kama ionekanavyo ndani ya birika la chai, na hita ndiyo huota ukoko kwanza. Maji yenye chuma hubadilika kuwa ya kahawia mara yanapotiwa klorini. Afadhali kujaza kupitia kichujio.

Kubadilisha maji

Muda wa kubadilisha hukadiriwa kwa kugawanya lita za beseni kwa 11, kisha kugawanya jibu kwa idadi ya waogaji wa siku. Lita 1,500 zinazotumiwa na watu 2 kwa siku hudumu siku 68 hivi. Lita hizohizo zikitumiwa na wageni 20 wa hoteli hudumu wiki moja tu. Umeme huzimwa kwanza, maana hita ikiwaka bila maji huungua. Maji huachwa mpaka klorini iishe kabla ya kumwagwa bustanini, na hayaelekezwi kwenye kijito au baharini.

Usalama

Asidi haichanganywi kamwe na klorini, hata katika kopo tupu lililobakiwa na unga, kwani hutoka gesi ya sumu. Aina mbili za unga wa klorini zikichanganywa zinaweza kuwaka moto. Dawa ndiyo inayotiwa katika maji, si maji katika dawa.

Joto lisizidi nyuzi 40. Wajawazito hushauriwa kumwuliza daktari kwanza, na watoto walio chini ya miaka 5 hawaingii. Katika kila ukaguzi hutazamwa pia mfuniko wa tundu la kunyonya maji. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7, Graeme Baker, alikufa jimboni Virginia baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la jakuzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 kuhusu mifuniko hiyo ina jina lake. Mfuniko ukionekana umepasuka au umelegea, pampu huzimwa na jakuzi hufungwa mpaka mwingine uwekwe.