Reli Iliyopita Ng'ambo ya Kasongo

Zamani za misafara ya pembe, mtu wa pwani aliyekwenda Maniema alitoka Bagamoyo kwa miguu, akapita Tabora na Ujiji, akavuka ziwa Tanganyika, kisha akashika njia ya Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Nchi ya Lusangi, iliyo kati ya Kabambare na Kasongo, haikuwa pembeni siku zile. Wapagazi hula na hulala, na penye kula na kulala soko huzaliwa.

Watu wa reli walikuja na hesabu nyingine. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, haikuuliza mji mkubwa uko wapi. Iliuliza: meli inakwama wapi? Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko. Hapo ikajenga reli ya kilomita 125, ikamalizika mwaka 1906. Toka Ubundu meli hupita mpaka Kindu. Juu ya Kindu mawe yanaanza tena, mpaka Kongolo, penye mlango mwembamba ambao Wazungu waliupa jina la Jehanamu. Basi reli ya pili, kilomita 355 hivi, ikafuata upande wa magharibi wa Lualaba, ikaisha mwishoni mwa 1910. Kasongo na Kabambare ziko mashariki!

Ni kweli, vita ya mwaka 1893 ilikuwa imekwisha kuuvunja mji wa Tippu Tip, ambao mahame yake yako Tongoni. Tusiitwike reli lawama yote. Lakini mji uliovunjika hujengwa tena kama njia ingalipo.

Tazameni upande wa pili wa ziwa. Wadachi walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, kwa kuwa bandari yake ina kina, na Bagamoyo meli kubwa husimama mbali na pwani. Bagamoyo ikapoa. Tabora, iliyofikiwa mwaka 1912, ikapona. Mwaka 1914 reli ikafika ziwani, si Ujiji bali Kigoma. Hata hivyo mtu wa Ujiji aweza kwenda stesheni kwa miguu na kurudi siku ile ile.

Kindu ndiyo leo makao makuu ya Maniema. Na mchele wa Kasongo unaokwenda huko kwa reli sharti kwanza uvushwe Lualaba, gunia kwa gunia.