LENZI IMEKUWA KIMEO: fangasi, chumvi na mchanga wa kwetu Tanga

Msimu wa harusi ukikaribia simu yangu haitulii, na nusu ya wanaopiga hawatafuti mpiga picha. Ni wapiga picha wenzangu wanauliza lenzi zao zimepatwa na nini. Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, ukae na kamera yako upime mwenyewe kabla hujatoa hela kwa fundi.

Tuanze na jina, maana Kiswahili chetu kimetuweka pabaya hapa. Neno ukungu linabeba vitu viwili. Kuna ukungu wa asubuhi, ule mvuke, na kuna ukungu wa mkate uliolala kabatini. Lenzi inapata yote mawili, na ukienda kwa fundi ukasema "lenzi ina ukungu" anaweza kukufungulia kitu ambacho kingekauka chenyewe baada ya nusu saa. Kwa hiyo hapa nitasema mvuke na fangasi, tusichanganyane.

Mvuke ni ile habari ya chupa ya soda baridi inavyotoka jasho. Umelala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, unatoka nje saa nne asubuhi, kioo cha baridi kinakutana na hewa ya Tanga, matone yanajaa. Hata wanaopanda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani (ilitangazwa hifadhi mwaka 1997) yanawakuta wakati wa kushuka. Kamera imepoa kule juu, ukifika Muheza inatoka jasho. Usifute futa, na usibadilishe lenzi wakati huo. Dawa yake ni mfuko wa plastiki: ukiwa bado kwenye baridi funga kamera ndani ya mfuko, shuka nao, subiri ipate joto ndipo ufungue. Jasho litakaa juu ya mfuko badala ya kioo.

Fangasi ndiyo balaa lenyewe. Mji wetu wanausifu kwa "waja leo waondoka leo", lakini fangasi ikishaingia kwenye lenzi haiondoki leo wala kesho. Inapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu. Hewa ikishapita asilimia 70 hivi ya unyevu na ikabaki hapo siku kadhaa, mbegu zake zinaanza kuota, na hapa Tanga asubuhi nyingi tunapita 80 bila hata mvua kunyesha. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo usiseme. Kuna watu wanasema fangasi inaambukiza kama upele, lenzi moja ikiwa nayo zote zimekwisha. Mimi siogopi hivyo. Mbegu za fangasi ziko hewani kila mahali, hata kwenye lenzi mpya. Kinachoamua ni unyevu. Ukikuta mbili zimeota kwenye begi moja, ulaumu begi.

Namna ya kuikagua: vua lenzi, fungua vile vijisu vya ndani viachie tundu kubwa, halafu washa tochi ya simu upande mmoja uangalie kwa upande wa pili, ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi ni nukta nukta, na halina shida, hata lenzi ya bei mbaya ina vumbi. Fangasi ni nyuzi. Inafanana na utando wa buibui au mizizi midogo inayotambaa kutoka ukingoni kuja katikati. Ukiona doa zima limefifia kama kioo kilichopumuliwa na halikauki, hilo nalo ulitilie shaka, inaweza kuwa mafuta ya ndani yamepanda kwenye kioo.

Ikiwa kidogo pembeni, picha zako hazitaonyesha kitu. Ikisambaa, weusi unakuwa kijivu, na ukipiga kuelekea kwenye taa picha nzima inafunikwa na weupe. Bwana mmoja wa Ngamiani, mpiga picha kwa miaka mingi kuliko umri wangu, alipiga harusi ya usiku, taa za ukumbi zikiwa nyuma ya maharusi. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilionekana safi. Zilipochapwa, mama wa bibi harusi akauliza kama mwanawe alipigwa picha ndani ya chetezo. Salio hawakulipa, na yule mzee hakubishana nao. Harusi huwezi kuwaambia watu wairudie.

Sasa watu wakiiona wanakimbilia jua. Ni kweli mionzi ya jua inaua fangasi, lakini nyuzi zilizokufa zinabaki pale pale kwenye kioo. Tena joto kali linalainisha grisi ya ndani inatambaa mpaka kwenye vijisu, unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Na usithubutu kuiacha juani ikiwa imefungwa kwenye kamera, lenzi inakusanya jua kama ile ya kuchomea karatasi tuliyochezea shule.

Kuisafisha ni kufungua. Mafundi wengi wanatumia haidrojeni peroksaidi ile hafifu ya duka la dawa, wengine wanachanganya na amonia kidogo, kisha wanamalizia na spiriti safi. Spiriti ya rangi haifai, inaacha utando. Na Jik isikaribie kabisa, ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Kitu ambacho fundi mkweli atakuambia mapema ni kwamba fangasi inatoa asidi. Ikikaa muda mrefu inakula rangi ile ya zambarau au kijani iliyopakwa juu ya kioo, na hata kioo chenyewe. Hapo atatoa nyuzi, lakini alama zitabaki kama mchoro. Na ikiwa imeota katikati ya vioo viwili vilivyogundishwa, mwambie asante, chukua lenzi yako uende.

Chumvi na mchanga. Raskazone, Ushongo kule Pangani, au kwenye mashua kuelekea kisiwa cha Toten, upepo unaleta chumvi hata kama hujaguswa na tone la bahari. Ukirudi nyumbani futa mwili wa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo sana na kukamuliwa, kisha kikavu. Kitambaa kikavu peke yake kinasugua chumvi juu ya kioo. Mchanga ukiingia kwenye bomba la lenzi utausikia, krr krr, ukizungusha. Usilazimishe. Geuza lenzi itazame chini, upulizie kwa pampu ya mpira, siyo kwa mdomo. Mate yako siyo dawa.

Zile kamera ndogo za lenzi inayotoka na kurudi ndizo zinazoumia zaidi. Canon nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa zikiandika E18, nyingine zinaandika tu kuwa lenzi ina hitilafu halafu zinazima. Mara nyingi ni punje ya mchanga kwenye meno ya gia, au ilianguka bomba likapinda. Kwa kamera hizi sikushauri ujaribu kufungua mwenyewe. Pale kwenye flashi kuna kapasita inayobeba umeme wa volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa, itakurusha. Na ikizama baharini toa betri, usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Mara nyingi imekula kwako.

Kuna kamera nyingine hazina ugonjwa wowote, ila mwenye nazo hajui. Nikon ndogo kama D40 (ya mwaka 2006), D60 na zile za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota yake, haitafokasi yenyewe, utazungusha kwa mkono. Siyo kimeo hicho. Nikon ikiandika fEE kwa lenzi ya zamani, zungusha ile pete ya namba mpaka namba kubwa kuliko zote, funga, imeisha hiyo. Canon ikiandika Err 01, anza kwa kufuta vile vidude vya dhahabu vya lenzi na kamera kwa kitambaa kikavu. Isipokubali, piga ukiwa umevuta karibu, kisha ukiwa umeachia mbali. Kama inagoma sehemu moja tu ya zumu, waya bapa wa ndani umekatika kwa kukunjwa kunjwa. Canon 17-85 inajulikana sana kwa ugonjwa huo.

Vipimo viwili vya bure. Bandika gazeti wazi ukutani, simama nalo uso kwa uso, kamera juu ya meza, piga. Upande mmoja ukisomeka na mwingine haufai, kioo cha ndani kimelala, na kawaida ni kwa sababu ya kuanguka. Halafu weka kamera kwenye A, piga kitu kile kile kwa f/4, f/8 na f/16. Picha zote zitoke na mwanga sawa. Ile ya f/16 ikitoka nyeupe sana, vijisu vimenasa kwa mafuta.

Hapa mjini mafundi wa lenzi hasa ni wa kuhesabu. Wanaozipokea wengi ni mafundi saa na mafundi simu, na siwadharau, fundi saa ana mkono mtulivu na lile jicho la kukuzia. Muulize kwanza bisibisi. Skrubu za Kijapani zina msalaba wake, bisibisi ya msalaba ya kawaida inateleza na kula kichwa cha skrubu, na baada ya hapo hakuna atakayeifungua tena. Andika namba ya lenzi, ipige picha mbele yake kwa tochi ile ile ili wote muone ilivyo, mkubaliane kwamba ikishindikana inarudi ikiwa nzima. Jirani yangu alirudishiwa lenzi inang'aa kama mpya. Katikati ya picha safi, pembeni zote zimevurugika. Kioo kimoja kilirudishwa kimegeuzwa. Lile gazeti lako lipeleke kwa fundi, upige kabla ya kulipa.

Hesabu yangu mimi: bei ya fundi ikizidi nusu ya lenzi kama hiyo iliyotumika, naacha. Hizi 18-55 zinazokuja na kamera hazistahili kufunguliwa, zimejaa mtaani. Lenzi za zamani za chuma ndizo zinazosafishika vizuri. Na ukinunua iliyotumika, dai risiti. Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji, lakini bila karatasi huna pa kuanzia.

Kuhifadhi: begi la ngozi lililofungwa kabatini ni shamba la fangasi. Mimi natumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani yake silika, zile punje za kwenye boksi la viatu ila nyingi, na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka kisome kati ya 40 na 55. Ukikausha kupita kiasi grisi nayo inakauka. Silika ikilowa inakaushwa kwa moto mdogo, lakini ile ya bluu isiwe kwenye sufuria ya chakula, rangi yake ni sumu. Mchele hausaidii kitu, unaacha vumbi la wanga. Wazee wa studio walikuwa wanaacha balbu ndogo inawaka ndani ya kabati usiku kucha, na inafanya kazi kweli kwa sababu ya joto. Ukijaribu leo kwa balbu ya LED haitasaidia, haina joto la kutosha.

Kama lenzi ni ya maana na hapa imeshindikana, njia ni mbili, Dar au Mombasa. Ukivuka Horohoro beba risiti yako, usije ukaulizwa ushuru wa lenzi yako mwenyewe wakati wa kurudi. Kwenye basi usiiweke kwenye buti la chini. Pakata.