Waokotaji wa Udongoni

Ile spinachi tunayonunua kwa mama mboga, yenye majani mapana na bua jeupe, kusema kweli si spinachi. Ni ndugu wa bitiruti. Kisayansi zote mbili ni Beta vulgaris. Naanzia hapo kwa sababu historia ninayotaka kukusimulia ilianza na mmea huohuo.

Miaka ya 1860, mkemia Mjerumani Carl Scheibler alikuwa akichunguza maji ya bitiruti za sukari. Alikuta kemikali fulani humo, akaiita betaini kutokana na jina la mmea. Karne nzima ikapita kabla watu hawajaelewa vizuri inamsaidia nani.

Kuelewa hilo, hebu fikiria kachumbari. Ukinyunyizia vitunguu chumvi, baada ya muda mfupi bakuli limejaa maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya seli. Bakteria wa udongoni hupatwa na hayohayo jua linapokausha shamba na chumvi kubaki. Maji yanamtoka, na hana pa kukimbilia.

Kidokezo kilitoka Australia mwaka 1955. J.H.B. Christian aliona kwamba Salmonella waliobanwa na uhaba wa maji walikua vizuri zaidi walipopewa prolini, kijenzi kimoja cha protini. Yaani kumbe kilichowasaidia kilitoka nje! Kisha miaka ya 1980, Mfaransa Daniel Le Rudulier na wenzake wakaonyesha kwamba betaini, ileile ya Scheibler, inawakinga bakteria dhidi ya chumvi, wakiwemo wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya lusani.

Siri yake ni rahisi. Betaini ikirundikana ndani ya seli, maji hubaki ndani, na protini zinaendelea na kazi zake bila kuvurugwa. Chumvi yenyewe ingeingia kwa wingi hivyo, kazi nyingi humo zingeharibika.

Anayenivutia zaidi ni Bacillus subtilis, mkazi wa kawaida wa udongo. Huko Marburg, Ujerumani, Erhard Bremer na wenzake walimchunguza kwa miaka mingi, wakapata milango mitano ya kuingizia vikinga-chumvi, wakaiita OpuA hadi OpuE. Chumvi ikizidi, kwanza bakteria huyu huvuta potasiamu haraka, halafu anaanza kujitengenezea prolini. Lakini kujipikia ni gharama. Akipata betaini nje, anaiokota, na prolini anapunguza. Tena betaini hawezi kuitengeneza kuanzia mwanzo. Lazima aipate ikiwa tayari, au apate kolini aigeuze. Hata ektoini, ambayo hajui kuitengeneza kabisa, huiokota. Kemikali hiyo iligunduliwa mwaka 1985 katika bakteria aliyetoka maziwa ya magadi ya Wadi Natrun, Misri, na leo inatiwa kwenye krimu za ngozi.

Na mvua ikinyesha? Hatari inageuka: maji yanaingia kwa kasi, seli inaweza kupasuka. Hapo vali hufunguka ghafla, sehemu ya akiba aliyoihangaikia inamwagwa nje. Majirani nao huweza kuiokota.

Sisi wa mjini tumezoea kumsifu anayejitegemea, eti hakusaidiwa na mtu. Historia hii inanionyesha kitu tofauti. Kule udongoni, anayestahimili chumvi vizuri zaidi ni yule anayejua kupokea, na anachopokea kimetoka kwa mizizi, majani yaliyooza na viumbe wengine waliotangulia.

Ndiyo maana nikisikia mashamba ya umwagiliaji yanageuka ya chumvi, siulizi tu kuhusu maji. Nauliza pia kama kuna kitu kinaachwa kioze hapo. Udongo ukibaki mtupu, bakteria bado ana milango yake mitano, lakini cha kuokota hakuna.