Watoto wa Korea na Wazazi wa Ng'ambo

Somo la leo ni juu ya watoto waliovushwa bahari wapate wazazi wapya.

Vita vya Korea vilikoma mwaka 1953, vikaacha mayatima wengi. Huko Oregon, Marekani, mkulima Harry Holt na mkewe Bertha walikuwa na watoto 6, wakataka kulea 8 zaidi. Sheria iliruhusu 2 tu. Basi mwaka 1955 Bunge la Marekani likawapitishia sheria maalum. Bertha alibaki na watoto, Harry akaenda Korea. Mwezi wa Oktoba alirudi kwa ndege na watoto 12: 8 wa kwake, 4 wa jamaa nyingine.

Habari zikaenea, wengi wakafuata njia hiyo. Miaka ilivyopita, watoto zaidi ya 140,000 walitolewa Korea.

Lakini wema nao wataka hati za kweli. Mwaka 2025 tume ya Korea ya kutafuta ukweli ilitangaza kwamba baadhi yao waliandikwa mayatima, kumbe wazazi wao walikuwa hai. Mtu mzima amtafutaye mamaye hufungua faili, akasoma uwongo.

Basi fikirini: anayempa mtoto nyumba, je, ana haki ya kumfutia asili yake?