Walimu wa Kenya kama Watetezi wa Sera ya Elimu, 1934–1985

Utangulizi

Historia ya elimu nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa majina ya tume na kamati: Beecher mwaka 1949, Ominde mwaka 1964, Gachathi mwaka 1976 na Mackay mwaka 1981. Anayeisoma historia hiyo huweza kudhani kwamba sera hutungwa na wenyeviti wa tume, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuipokea na kuitekeleza. Makala hii inaangalia mchango wa walimu wenyewe. Inadai kwamba jambo ambalo walimu walilishika kwa pamoja kupitia chama chao lilitimizwa katika muda wa miaka 10, ilhali jambo lililoachiwa mapendekezo ya tume lilingoja zaidi ya miaka 20. Jambo la kwanza ni ajira ya walimu. La pili ni Kiswahili.

Mwalimu na waajiri wake

Chini ya ukoloni, walimu Waafrika hawakuwa na mwajiri mmoja. Wengine waliajiriwa na misheni, wengine na serikali za mitaa, na wengine na serikali kuu. Shule zilitengwa kwa rangi, na mishahara ikafuata utengano huo. Katika shule za misheni, mwenendo wa mwalimu nyumbani na kanisani ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake, na meneja wa shule alikuwa na mamlaka makubwa juu ya riziki yake. Katika hali kama hiyo, mwalimu aliyekosoa mtaala au ugawaji wa nafasi za masomo alihatarisha kibarua chake.

Jaribio la mapema la kujenga sauti ya pamoja lilikuwa Chama cha Walimu Waafrika wa Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1934, Eliud Mathu na James Gichuru wakiwa miongoni mwa viongozi wake. Chama hicho hakikudumu, lakini kiliwalea watu. Mathu, aliyekuwa amefundisha katika Shule ya Alliance, aliteuliwa mwaka 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilidhihirisha udhaifu wa kukosa chombo cha pamoja. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika igawanywe katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, na mtihani wa mchujo uwekwe baada ya kile cha kwanza. Waafrika wengi waliipinga kwa kuwa iliwafungia watoto wao mlango mapema mno. Upinzani ulikuwa mkali zaidi katika shule huru, zilizoendeshwa na wananchi wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, nyingi kati ya shule hizo zilifungwa pamoja na Chuo cha Walimu cha Githunguri. Upinzani uliotegemea majengo na waasisi wachache ulizimwa kwa amri.

Njia mbili za mwaka 1957

Mwaka 1957 ulifungua njia mbili. Machi mwaka huo, Waafrika 8 walichaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wengi wao walikuwa wamewahi kuwa walimu, wakiwemo Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Hao walitoka darasani kwenda kwenye siasa. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, walimu waliobaki darasani waliunda Chama cha Kitaifa cha Walimu nchini Kenya, KNUT.

Dai kuu la KNUT lilikuwa kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Dai hili huelezwa mara nyingi kama suala la mshahara, nalo lilikuwa hivyo kwa sehemu. Hata hivyo, anayemwajiri mwalimu ndiye anayeamua afundishe wapi, apande cheo lini na aachishwe kazi kwa sababu gani. Maadamu maamuzi hayo yalitawanyika, taifa halingeweza kuwa na shule za taifa. Kudai mwajiri mmoja kulikuwa kudai kwamba mtoto wa wilaya maskini na mtoto wa wilaya tajiri wafundishwe na walimu wa kiwango kimoja.

Baada ya uhuru mwaka 1963, shinikizo liliendelea, migomo ikiwa sehemu yake. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilipitishwa mwaka 1966, na tume hiyo ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikayabadilisha makanisa kutoka wamiliki wa shule hadi wafadhili. Si kweli kwamba chama pekee ndicho kilicholeta mageuzi haya. Serikali mpya nayo ilitaka kuzishika shule. Ila walimu ndio waliolitaja jambo hilo kwa jina na kulirudia bila kuchoka mpaka likawa sheria.

Kiswahili kisicho na mtetezi

Tulinganishe na Kiswahili. Tume ya Ominde ilipendekeza mwaka 1964 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Pendekezo hilo halikufuatwa na mtihani. Kwa kuwa Kiswahili hakikutahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi, katika shule nyingi vipindi vyake vilitumiwa kufundishia masomo yaliyotahiniwa. Gachathi alilirudia pendekezo mwaka 1976, na Mackay mwaka 1981. Ni mwaka 1985 tu, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, ndipo Kiswahili kilipoingia katika mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Ilikuwa imepita miaka 21.

Sababu za kuchelewa huko ni nyingi: wazazi walikiona Kiingereza kuwa ngazi ya kazi, na walimu waliofunzwa Kiswahili walikuwa wachache. Lakini sababu hizo zingeweza kukabiliwa iwapo pangekuwa na kundi lililolifanya jambo hilo kuwa dai lake. Tanzania inatoa mfano wa upande mwingine. Mwaka uleule wa 1967, Julius Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aongoze siasa, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Huko mtetezi wa lugha alikuwa chama tawala na dola. Kenya haikuwa na dola ya namna hiyo, wala chama cha walimu hakikuibeba lugha kama kilivyoibeba ajira.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba hoja nzuri haitoshi kuwa sera. Hoja ya Ominde kuhusu Kiswahili haikuwa dhaifu kuliko hoja ya KNUT kuhusu mwajiri mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba hoja ya pili ilikuwa na watu waliokuwa tayari kuulizia kila mwaka imefikia wapi. Katiba ya mwaka 2010 imeitambua TSC kama tume ya kikatiba, na Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa maandishi, mambo haya mawili sasa yako katika ngazi moja. Kwa utekelezaji bado hayalingani, kwa kuwa moja lina chama na jingine lina makongamano. Maazimio tunayoyasoma mwishoni mwa makongamano yetu yanafanana sana na mapendekezo ya tume za zamani. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka yatekelezwe hana budi kuyapeleka katika tawi la chama chake, kisha arudi mwaka unaofuata kuuliza yamefikia wapi.