Uwanda wa Asfodeli

Katika kitabu cha 11 cha Odyssey, utenzi wa Homer wa yapata karne ya 8 K.K., roho ya Achilles yaondoka kwa hatua ndefu, ikiuvuka uwanda wa asfodeli huko kuzimu. Washairi waliofuata waliugeuza uwanda huo bustani ya peponi. Mmea wenyewe hauafikiani nao.

Asfodeli huota pande nyingi za Bahari ya Mediterania: bua refu, maua meupe yenye petali 6, kila moja na mstari wa hudhurungi katikati, na mizizi iliyovimba mfano wa viazi. Hustawi penye mawe na ukavu, palipolishwa mno na kuungua mara kwa mara. Mbuzi huyaepuka majani yake, na mizizi husalimika na moto.

Wagiriki waliujua vyema. Hesiod alitaja manufaa yake. Theophrastus, katika karne ya 4 K.K., alieleza kuwa mizizi yake huliwa pamoja na tini. Ulikuwa mlo wa wanyonge.

Basi Achilles, aliyeona heri kuwa kibarua wa maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote, hakupewa bustani. Alipewa malisho yaliyochakaa. Mfasiri aandikaye “maua ya peponi” amempokonya Homer uchungu wake.