Gari la Mtoto, Betri ya Drili na Safari ya Risasi

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, lakini leo tuweke kompyuta pembeni tuzungumze betri. Binamu yangu wa Garsen, ambaye ni fundi mbao, aliniuliza swali zuri: yale magari ya umeme ya plastiki ambayo mtoto hupanda na kuyaendesha mwenyewe, je, yanaweza kutumia betri ya drili? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni historia, na sehemu yake imetokea hapa hapa Pwani.

Magari haya si jambo jipya. Mwaka 1926 Ettore Bugatti, yule mtengenezaji wa magari ya mashindano, alimtengenezea mwanawe mdogo Roland gari lenye nusu ya ukubwa wa gari lake mashuhuri la Type 35. Lilikuwa na mota ya umeme na betri ya volti 12. Lilikusudiwa liwe moja tu, lakini wateja wakalitamani, na yakatengenezwa takriban 500. Betri ya madini ya risasi ilikuwa ya zamani hata wakati huo, kwani Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859. Cha kushangaza ni kwamba ukiinua kiti cha gari la mtoto linalouzwa siku hizi, mara nyingi utakuta betri ya aina hiyo hiyo. Sababu ni bei: risasi ni rahisi.

Tatizo ni kwamba betri ya risasi haipendi kukaa bila chaji. Ikiachwa hivyo, chumvi ngumu hujijenga kwenye bamba zake na uwezo wake hupotea moja kwa moja. Sasa fikiria: mtoto anacheza mpaka gari linasimama, stima inapotea, au watu wanasahau kuchaji kwa wiki mbili. Gari bado zima, betri imekufa.

Upande wa mafundi mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka 1961 Black & Decker walitoa drili isiyo na waya, yenye betri ya nikeli na kadimiamu. Makita ya Japani ikafuata mwaka 1978 na drili ya volti 7.2. Mwaka 1991 Sony wakaanza kuuza betri za lithiamu, kwa ajili ya kamera za video, na mwaka 2005 Milwaukee wakatoa zana za lithiamu za volti 28. Fundi anataka betri nyepesi inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, na mota ya gari la mtoto inataka kitu hicho hicho.

Tupige hesabu. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84 na uzito wa zaidi ya kilo 2. Betri ya drili ya volti 18, ampea-saa 5, ina wati-saa 90 na haifiki kilo 1. Ile inayoandikwa volti 20 ni hiyo hiyo: seli tano zilizofuatana, ila wamehesabu volti za betri ikiwa imejaa.

Lakini volti 18 badala ya 12 ni mwendo mara moja na nusu, na breki za gari ni zile zile. Meno ya plastiki ya giaboksi nayo hukatika upesi. Kwa hiyo nilimshauri binamu aweke kifaa cha kushusha volti mpaka 12, fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, na kifaa cha kukata umeme chaji ikishuka mno, maana kwa betri nyingi ulinzi huo umo ndani ya drili yenyewe. Na kamwe asitumie chaja ya betri ya risasi kwenye lithiamu. Huo ni moto.

Sasa turudi Pwani. Mto Tana ulijengewa mabwawa ya umeme kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na umeme huo ukaenda Nairobi. Huku chini mtoni, nyumba nyingi zilisikiliza redio na kutazama televisheni kwa betri ya gari. Njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kwenda Lamu, inayopitia Garsen, ilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Kwa hiyo risasi tunaijua vizuri.

Na zikifa, huenda wapi? Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kilichofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, na mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini. Mama huyo alipigania mtaa mzima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo Desemba 2024. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na ukishaharibika haurudi.

Ndiyo maana nilimwambia binamu asibadilishe betri kwa ajili ya mwendo. Abadilishe kwa sababu betri ya drili tayari anayo, chaja anayo, na ataacha kununua risasi mpya kila ile ya zamani inapokufa. Lithiamu nayo si malaika: ikichoka isitupwe mtoni wala jalalani, irudishwe kwa anayejua kuishughulikia. Na ile betri ya zamani ya gari la mtoto, tafadhali, mtu asiipasue uani ili auze risasi kwa kilo. Watoto wanacheza hapo hapo.

Tukutane tena wakati mwingine.